Kabla ya Kufunga Gunia: Unyevu Unavyopimwa

Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miji inayolowa kiasi hicho nchini ni michache. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha kibanja: migomba kwa juu, mibuni chini yake, maharage na mahindi pembezoni. Ndiyo hiyo hiyo pia inayomtesa mkulima siku ya kuanika ikifika. Kuanzia Kibeta, kata ya Manispaa ya Bukoba, ukifuata barabara ya Kemondo na Muhutwe hadi Muleba, msimu wa kahawa hukuta turubai na mikeka mbele ya nyumba, na wenye nyumba wanatupia jicho mawingu yanayotoka ziwani. Swali lao ni lile lile: imekauka?

Wazee wana namna zao za kulijibu. Robusta ya huku hukaushwa pamoja na ganda lake. Ikikauka, punje husinyaa na kuachana na ganda, kwa hiyo mtu huchukua kiganja cha kahawa, huitikisa karibu na sikio na kusikiliza mlio. Mahindi huumwa: punje ikivunjika kwa mlio mkavu inapita, ikibonyea inarudi juani. Mkono huzamishwa katikati ya gunia kutafuta ubaridi au joto lisilo la kawaida. Sizidharau mbinu hizi. Zinamtenga mkulima na hasara kubwa, hazina gharama, na mwenye uzoefu hukosea mara chache linapokuja suala la kutofautisha kibichi na kikavu.

Tatizo ni kwamba hatari haikai kati ya kibichi na kikavu. Inakaa kwenye asilimia mbili tatu za mwisho, mahali ambapo sikio, jino na kiganja havifiki. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hakuna meno yanayoweza kutofautisha asilimia 13 na 15, lakini kuvu wanaitambua tofauti hiyo barabara.

Kuvu wanaohusika zaidi na mahindi na karanga ni jamii ya Aspergillus flavus, watengenezaji wa sumukuvu. Sumu hii hulenga ini. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, inamwongezea hatari ya saratani ya ini, hasa kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Akiila nyingi kwa muda mfupi, ini hushindwa kazi: macho na ngozi huwa vya njano, tumbo hujaa maji, na wengine hufariki. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125 baada ya kula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: Dodoma na Manyara waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Kupika hakusaidii, kwa sababu sumu hii inastahimili moto wa ugali na wa uji. Kuchambua punje zilizooza kunapunguza, lakini hakumalizi, maana punje inaweza kubeba sumu na bado ikaonekana safi.

Kahawa ina sumu yake, okratoksini, inayoumiza figo. Kukaanga huipunguza lakini huacha mabaki. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiruhusu mikrogramu 5 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Tangu Januari 2023 unaruhusu 3 tu. Kwa mkoa unaoishi kwa kahawa, wenye kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA hapo hapo Bukoba, mabadiliko hayo yanaanzia kwenye turubai la mkulima.

Sasa tuje kwenye kipimo. Njia mama, ile ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo, ni ya mizani na joto. Unapima uzito wa sampuli, unaikausha, unaipima tena; kilichopungua kinahesabiwa kuwa maji. Kwa kahawa iliyokobolewa, utaratibu wa kimataifa ni oveni ya nyuzijoto 105 kwa saa 16. Sampuli ya gramu 10 ikitoka na gramu 8.7, gramu 1.3 zimeondoka, na unyevu ni asilimia 13. Fundi seremala hapa atakuwa na neno, kwa sababu kwenye mbao maji hugawanywa kwa uzito wa mbao kavu, si kwa uzito wa mwanzo. Gramu zile zile 1.3 zikigawanywa kwa 8.7 zinatoa karibu asilimia 15. Wote wawili wako sahihi, ila mtu asichukue namba ya kiwanda cha mbao akaipeleka kwenye ghala la mahindi.

Maabara wana njia kali zaidi. Mkemia Mjerumani Karl Fischer alichapisha yake mwaka 1935: iodini hukutana na dioksidi ya salfa, na mmenyuko huo hula maji peke yake, hivyo kiasi cha iodini iliyotumika kinaeleza kiasi cha maji. Oveni haiwezi kufanya hivyo. Inafukuza pia mafuta mepesi na harufu, kisha inavihesabu vyote kama maji. Kuna mashine nyingine zinazotumia mwanga usioonekana, ulio jirani na mwekundu, ambao maji huumeza kwa namna ya pekee. Hizo ni za viwandani na tuziache huko.

Kinachomfikia mkulima ni kile kipima unyevu cha mkononi, anachokiona kwenye chama cha msingi au kwa mnunuzi. Chenyewe hakipimi maji. Kinapima umeme. Aina moja husukuma mkondo mdogo kupitia punje na kuangalia ukinzani, kwa kuwa punje yenye maji hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Aina nyingine huweka punje kati ya bamba mbili za chuma na kupima jinsi zinavyotunza chaji. Maji yanazidi punje kavu mara nyingi katika sifa hiyo, kwa hiyo hata asilimia moja ya ziada huonekana. Baada ya hapo kifaa hutafsiri umeme kuwa asilimia kwa kutumia jedwali kililowekewa kiwandani.

Hapo kwenye tafsiri ndipo haki ya mkulima inapoweza kupotea. Jedwali la mahindi haliwezi kusoma kahawa, na la kahawa iliyokobolewa haliwezi kusoma kahawa ya maganda. Kahawa iliyotoka juani ikiwa ya moto hudanganya kifaa kisichorekebisha joto. Kifaa cha ukinzani kina udhaifu mwingine: husoma zaidi ngozi ya punje. Jua kali la mchana hukausha nje kabla ya ndani, namba ikatoka nzuri saa tisa alasiri, na kesho yake asubuhi, maji ya ndani yakishasogea nje, namba ikapanda. Ndiyo maana sampuli inafaa ilazwe usiku mmoja mahali pakavu, ndani ya chombo kilichofungwa, ndipo ipimwe. Nayo ichotwe vizuri. Ukichoma bambo juu ya gunia tu umepima juu ya gunia tu. Pembeni na chini lazima vichotwe, magunia kadhaa, kisha vichanganywe.

Namba hiyo ni fedha pia, na hesabu yake si ngumu. Azimio namba 420 la Shirika la Kimataifa la Kahawa, la mwaka 2004, linataka kahawa iliyokobolewa iwe na unyevu kati ya asilimia 8 na 12.5. Gunia la kilo 60 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 49.2 za kahawa kavu. Likishushwa hadi 12.5 litakuwa na uzito wa kilo 56.2. Mnunuzi aliyelipia kilo 60 amenunua karibu kilo 4 za maji, na hapo ndipo makato yanapotoka. Lakini geuza upande wa pili. Mkulima mwangalifu aliyekausha kupita kiasi hadi asilimia 9, pale ambapo 12.5 ingekubalika, amebaki na kilo 57.7 badala ya 60. Kilo mbili na ushei zimepaa hewani, na hakuna anayemrudishia. Asiye na kipimo anaumia pande zote mbili. Kwa hiyo nasema wazi: namba isomwe mbele ya mwenye mali, kwenye kioo cha kifaa anachokiona, na aruhusiwe kuomba ipimwe mara ya pili.

Kuna jambo moja ambalo asilimia hailisemi, na kwangu ndilo kiini cha yote. Asali ya kawaida ina maji ya asilimia 17 au 18 na inakaa mwaka mzima bila ukungu. Mahindi yenye asilimia hizo hizo 18 huota ukungu upesi. Tofauti ni kwamba maji ya asali yameshikwa na sukari, na kuvu hawezi kuyanywa. Kinachoamua usalama wa chakula ni maji yaliyo huru, na hayo yana tabia ya kujitangaza hewani: ukifungia nafaka kwenye chombo kisichovuja, hewa iliyobaki ndani hupata unyevuanga unaolingana na maji huru ya nafaka hiyo. Hewa ikituama kwenye asilimia 65 au chini yake, kuvu hawana pa kuanzia. Ikipita 70 wanaanza kupata nafasi, na kadiri inavyopanda juu ya 80 ndivyo wenye sumu wanavyochangamka.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba kupima unyevuanga ni rahisi kuliko kupima maji ndani ya punje. Haigromita ndogo ya kielektroniki, ya ukubwa wa kiberiti, ukiiweka ndani ya mfuko wa plastiki mzito uliojazwa mahindi karibu ufurike, ukaufunga na kuuacha kivulini nusu saa au zaidi, itakupa jibu. Haihitaji jedwali la kila zao, kwa sababu inaiuliza hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walibuni kadi nafuu kuliko hiyo, DryCard, yenye karatasi inayobadilika rangi kulingana na unyevuanga: bluu kwa kikavu, waridi kwa kibichi. Unaifungia pamoja na nafaka kisha unalinganisha rangi na zile zilizochapwa pembeni.

Wengi wetu tulifundishwa njia ya chumvi: chumvi kavu na punje ndani ya chupa kavu ya kioo, unatikisa, unaiacha kama robo saa, kisha unaangalia kama chumvi imeganda kwenye kuta za chupa. Ni njia ya kweli, lakini mpaka wake ni kama asilimia 15. Chumvi ikiganda, rudisha mahindi juani bila mjadala. Isipoganda, umejua tu kwamba uko chini ya 15, na mahindi ya asilimia 14.5 bado hayafai kufungwa kwa miezi. Maafisa ugani wangeieleza hivyo, yaani kama kipimo cha kukataa na si cha kukubali, wangewaepusha watu na mengi. Na panapowezekana, chama cha msingi kiwe na haigromita kadhaa za kuazimisha. Kwa tabianchi ya Bukoba na Muleba naona zingesaidia kuliko kuongeza kifaa kimoja cha gharama mlangoni mwa ghala, mahali ambapo kahawa imeshaharibika.

Maana kwa kahawa, vita hupiganwa siku za mwanzo. Tunda likichumwa lina maji ya takribani asilimia 65. Okratoksini hutengenezwa kwenye kipindi cha katikati, baada ya tunda kupoteza maji ya kwanza na kabla halijakauka vya kutosha, na mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, unataka kipindi hicho kivukwe haraka. Hivyo basi tabaka liwe jembamba, sentimita 3 hadi 5, ligeuzwe mara nyingi kwa siku, lifunikwe jioni na kila mvua inapotishia. Kichanja kilichoinuliwa kinashinda ardhi tupu, kwa kuwa hewa hupita chini na udongo hauambukizi. Butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya shida, inaharibu hata hili: aliyenunua hivyo anataka kuvuna haraka, mbivu na mbichi pamoja, na matunda ya namna hiyo hayakauki kwa kasi moja.

Gunia likishafungwa kazi haijaisha. Nafaka kavu hunywa maji ya hewa, na hewa ya kando ya ziwa ina maji ya kutosha. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia hilo na huua wadudu, lakini haikaushi. Mahindi yaliyoingia na asilimia 16 yatabaki na asilimia 16 humo ndani. Kwenye magunia ya kawaida, weka chaga chini, acha nafasi na ukuta, na mvua za vuli zikianza chota sampuli upya kutoka magunia ya pembeni na ya chini. Haigromita ikionyesha zaidi ya 65, anika siku hiyo hiyo jua likiwapo. Jua likikosekana, tandaza ndani kwenye turubai na ufungue madirisha mchana, na mahindi ya uji wa watoto yatangulie kushughulikiwa.