Moshi na Mapafu ya Wazee

Somo letu la leo ni juu ya moshi, na jinsi unavyowadhuru wazee wetu.

Watu wazima wa Tabata watalikumbuka lile jaa la taka la Jiji. Taka ziliungua, moshi na harufu vikaingia majumbani. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Halmashauri ikaomba kuongezewa muda, hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Alisema kuwachafulia watu hewa na kuhatarisha maisha yao ni kinyume cha Ibara ya 14 ya Katiba, isemayo kwamba kila mtu anayo haki ya kuishi.

Je, moshi una nini hata ufikishwe mahakamani?

Moshi si hewa tupu. Umejaa chembe ndogo mno. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko chembe hizo zaidi ya mara 20. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, likatoka kwa kamasi na makohozi. Chembe hizi hupita, zikashuka hadi kwenye vifuko vya hewa, pale damu inapopokea oksijeni. Nyingine huingia katika damu yenyewe, ndiyo maana moshi hudhuru hata moyo.

Mapafu ya kijana ni kama mpira mpya wa manati: ukivutwa hurudi. Ya mzee yamelegea, kikohozi chake hakina nguvu, na vile vinyweleo vinavyofagia njia za hewa vimechoka. Basi moshi ambao mjukuu ataukohoa akaendelea kucheza, babu utamkalia kifuani siku kadhaa. Akiwa na pumu, au aliwahi kuugua kifua kikuu, au ni bibi aliyepikia kuni miaka 40, taabu huzidi.

Jaa lile lilifungwa zamani, lakini tazama uani: majani makavu, mifuko ya plastiki, kipande cha tairi, kisha kiberiti. Wako wasemao moshi hufukuza mbu. Huenda, lakini mbu ana mabawa, babu hana.

Plastiki na mpira usichome kabisa. Jirani akichoma, mhamishie mzee upande utokako upepo. Ikishindikana, mwingize ndani ufunge madirisha yaelekeayo moshi. Kanga puani huzuia majivu tu. Chembe ndogo hupenya.

Akihema hata hawezi kumaliza sentensi, kifua kikimbana, au midomo ikigeuka rangi, usimpe chai ya tangawizi ukangoja asubuhi. Mpeleke hospitali usiku uleule.