Kitenge cha rangi kali, cheupe kikae juu

Kwetu Kisangani, 8 Machi ikikaribia, mama wengi wanashonesha kitenge kipya: njano, nyekundu, kijani, vyote mu nguo moja. Halafu mtu anaongeza sakoshi nyekundu na hereni za njano. Sisi wenye kutazama tunachoka!

Tunasema: chagua cheupe. Kitambaa cheupe cha kichwa ao shanga nyeupe vinapumzisha rangi, na vinaenda na vitenge vyote vya mu sanduku. Kama feza ni kidogo, nunua kitambaa tu.

Lakini viatu vyeupe, hapana. Machi mvua inanyesha, na ukipanda toleka toka Makiso kwenda Mangobo, matope yanakungojea. Vaa vya kahawia. Sakoshi nyeupe? Sawa, ile ya kupanguza na maji, na uishike mapajani.