Picha ya Shianda hufikaje Ulaya? Siri ya pakiti na nyaya za mwanga

MKAZI wa Shianda, Kaunti ya Kakamega, anapomtumia jamaa yake aliye Uingereza picha kwa simu, picha hiyo haisafiri ikiwa nzima. Hugawanywa kuwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida kimoja hakizidi baiti 1,500. Kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka, ya inakokwenda na nambari ya mpangilio, mithili ya miwa ya shamba moja inayopelekwa kiwandani kwa matrela kadhaa, kila trela na karatasi yake. Pakiti ikipotea njiani, hutumwa nyingine badala yake.

Kutoka kwenye simu, pakiti hupitia hewani hadi kwenye mlingoti, kisha huelekezwa kwenye nyaya za faiba. Hizo ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mimweko ya leza kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Katika kila njia panda kuna mtambo uitwao rauta, ambao husoma anwani na kuamua pakiti ipite wapi.

Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti kati ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 angani. Ombi na jibu lake vilichukua takriban nusu sekunde kupanda na kushuka tu, na gharama ilikuwa kubwa. Mwaka huo, kebo za TEAMS, inayotoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, na Seacom zilifika Mombasa kupitia baharini. EASSy ilifuata mwaka 2010. Barani, serikali ilitandaza mtandao wa kitaifa wa faiba, NOFBI.

Wingi huo wa njia ndio kinga ya intaneti. Februari 2012, nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa. Mei 2024, EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja. Nchini Kenya intaneti ililegea, lakini haikuzimika kabisa, kwani rauta zilizielekeza pakiti kwenye kebo zilizosalia, nazo zikasongamana kama barabara ya mchepuko daraja linapobomoka.

Hata hivyo, rauta haiwezi kuchagua njia isiyokuwapo. Mlingoti wa kijijini unaotegemea waya mmoja hunyamazishwa na tingatinga linalochimba mtaro wa maji, hata kama kebo zote za Mombasa ni nzima. Hapo muuza duka hapokei malipo ya simu, na mgonjwa hawezi kuita gari.

Kwa hivyo, viongozi wanapoahidi kufikisha faiba mashinani, mwananchi ana haki ya kuuliza swali la pili: waya huo ukikatika, njia nyingine ni ipi?