Ni Nani Atakayewasha Moto?

Leo twataka kusema habari ya kazi za nyumbani.

Mume na mke hushuka katika basi moja saa kumi na mbili jioni. Wote wawili wametoka kazini, wote wawili wamechoka. Mume huketi kitini na gazeti lake. Mke huvua viatu, huwasha moto, hukata sukuma wiki, husonga ugali, huwaogesha watoto, na saa nne za usiku bado anapiga pasi nguo za shule. Jumapili mama huyu husinzia wakati wa mahubiri, nasi wazee wa kanisa hunong'ona kwamba imani yake imepoa. Je, ni imani iliyopoa, au ni mwili uliochoka?

Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu saa 4 na nusu kila siku kwa kazi za nyumbani na kuwatunza watu wa nyumba bila malipo. Wanaume hawafikishi hata saa 1. Nayo Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yahesabu kazi hizo kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa sheria ya nchi imeliona jasho hilo, sisi tuliookoka tutalifumbia macho?

Wengine watasema, desturi hairuhusu mwanamume kuingia jikoni. Twawaheshimu wazee wetu. Lakini zamani, katika jamii zetu nyingi, mume alijenga nyumba, alifyeka msitu na kulinda mifugo. Leo nyumba hujengwa na fundi, na zizi halina ng'ombe. Kazi ya mume imeondoka. Ya mke imebaki, na ya ofisi imewekwa juu yake. Tukishika nusu ya desturi tu, je, hiyo ni heshima kwa wazee?

Tufungue Yohana 21. Wanafunzi walikuwa wamevua samaki usiku kucha. Waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa, na samaki, na mkate. Bwana aliyefufuka ndiye aliyewatayarishia chakula cha asubuhi, wala utukufu wake haukupungua.

Basi, sisi waume tuache kusema kwamba "twamsaidia" mke. Mtu hasaidii nyumbani kwake mwenyewe. Hufanya kazi yake. Jioni ya leo ketini pamoja, mzihesabu kazi zote, mgawane kwa kadiri ya nafasi na nguvu za kila mmoja. Wavulana nao wafundishwe kuosha vyombo pamoja na dada zao. Atanguliaye kufika nyumbani na awashe moto. Nanyi akina mama, ugali wa baba ukiwa na madonge, msimcheke. Kesho utakuwa laini.

Bwana awape amani nyumbani mwenu. Amina.