Kuwahamisha Samaki Katika Bwawa Kubwa

Zipo nyumba nyingi huku Moshi, za mjini na za vihambani juu, ambazo nyuma ya jiko, penye kivuli cha migomba, pana kidimbwi cha samaki. Watoto huwapenda, mama mwenye nyumba hupata kitoweo, na maji yatolewayo humo hustawisha mboga. Lakini samaki hukua na huzaana, na kidimbwi hakikui. Basi huja siku mwenye nyumba asemapo, "Na tuwajengee bwawa kubwa." Hapo ndipo wengi wetu hupotea, kwa kudhani kwamba kumpa kiumbe nafasi ni kumpa raha papo hapo.

Mimi nami nilidhani hivyo. Bwawa letu jipya la saruji lilijazwa maji Alhamisi, na Ijumaa alasiri tukawahamishia humo sato 40. Mzee mmoja, jirani yetu, alisimama ukingoni, akatia mkono majini, akasema, "Mwanangu, maji haya bado mabichi." Nikacheka. Jumapili alfajiri mwanangu mdogo alikuja mlangoni na samaki aliyekufa katika sahani, wala hakusema neno. Ilipofika jioni walibaki 9.

Mzee alisema kweli kwa njia mbili. Kwanza, saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji, na maji yakawa makali ya kuunguza mashavu ya samaki. Bwawa la namna hiyo hujazwa na kumwagwa mara kadhaa, kwa muda wa majuma, kabla halijawa makao. Pili, na hili ndilo nisilolijua kabisa, samaki hatakaswi na maji peke yake. Uchafu wake hugeuka amonia, nayo ni sumu. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vinavyokaa juu ya mawe, kuta na tope, ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na vingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Katika kidimbwi cha zamani jeshi hilo lilikuwa limekwisha kukaa. Katika bwawa jipya halikuwamo, na huchukua kiasi cha majuma 4 hadi 6 kuenea. Wale wafugao samaki wa baharini pamoja na matumbawe katika masanduku ya kioo wanaijua sana siri hii: wahamapo sanduku dogo kwenda kubwa, kitu wanachokilinda kwanza ni yale mawe ya zamani, yasikauke wala yasioshwe kwa maji ya bomba, kwa kuwa ndimo mlimo uhai wa sanduku zima.

Basi afanyeje mwenye bwawa? Achukue mawe na ndoo kadhaa za tope na maji ya kidimbwi cha zamani, ayatie katika jipya lililokwisha kuoshwa, kisha atie samaki wachache, angoje. Kama maji ni ya bomba yenye dawa, yaachwe wazi siku moja au mbili. Samaki wasilishwe siku moja kabla ya kuhama, na wahamishwe mapema, baada ya sala ya Alfajiri, jua likiwa bado halijapanda. Ndoo yao iwekwe ndani ya bwawa hata joto la maji lilingane, na maji mapya yatiwe ndani yake kidogo kidogo. Wala asimshike kwa pupa jike aliyevimba kidevu. Sato jike huatamia mayai yake kinywani, na akitishwa huyatema yote.

Wa huku juu, Kibosho na Marangu, wana shida nyingine ambayo watu wa tambarare hawaijui. Sato hukua vyema katika maji ya digrii 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo sana, na yakishuka hadi kiasi cha 12 hufa. Maji ya mfongo yatokayo msituni ni baridi. Bwawa kubwa lenye kina kirefu, likipitishwa maji hayo mchana na usiku, halipati moto kamwe. Afadhali lijazwe, mlango ufungwe, jua lifanye kazi yake.

Na mlango wa kutokea maji je? Hapa nawasihi vijana wasome kwa makini. Maji ya bwawa lako hurejea katika mfongo, mfongo hushuka mtoni, na mito ya upande huu wa mlima huingia Kikuletwa na Ruvu, hata Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa mwaka 1965, kisha mto Pangani. Sato si mwenyeji wa maji hayo. Mwenyeji ni perege wa Pangani na Ziwa Jipe, na katika Ziwa Chala yupo perege mwingine ambaye asili yake ni humo tu, duniani pote. Sato akikutana nao huwanyang'anya chakula, na huzaa nao hata asili yao ikapotea. Tayari amekwisha kuingia Pangani. Tumeliona jambo kama hili likifanyika kwa ukubwa katika Ziwa Victoria, ambamo sangara na sato walitiwa miaka ya 1950 kwa nia ya kuongeza kitoweo. Furu wa aina mamia wakatoweka, na ngege, ambaye nyavu zilikwisha kumpunguza, akawa adimu ziwani mwake mwenyewe. Aliyewahamisha alidhani ziwa ni kubwa, litawatosha wote.

Kwa hiyo mlango wetu una wavu wa matundu madogo, na nyuma yake shimo la changarawe. Wale 9 tuliwarudisha kidimbwini siku ile ile. Juma la saba ndipo walipovuka, watatu kwanza. Mvua kubwa inyeshapo usiku, mwanangu ndiye atokaye na taa kwenda kuutazama wavu kama majani hayajauziba, na mara nyingi mzee humkuta kule ametangulia.