Bao Katika Chuo Kikuu

Bao huchezwa barazani, na pengine ndiyo sababu wasomi walichelewa kulitazama. Hata hivyo, yako maswali juu ya michezo ambayo hesabu peke yake haiyajibu, nayo huulizwa katika idara za lugha, historia na fasihi.

Mwaka 1694 Thomas Hyde, mtaalamu wa Kiarabu wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha kwa Kilatini kitabu juu ya michezo ya Mashariki. Majina nayo ni ushahidi. Mankala, jina ambalo wataalamu huiita jamii nzima ya michezo iliyo kama bao, latokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuhamisha. Shina hilohilo ndilo lililotupa neno nakili.

Mwaka 1938 Johan Huizinga, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alitoa kitabu Homo Ludens. Alidai kuwa sheria, ushairi na hata vita vina asili ya mchezo. Hoja hiyo ni pana mno, na michezo yenyewe, yaani ubao na kete, haikuchunguzwa humo kwa karibu.

Uchunguzi wa namna hiyo uliwasilishwa Leiden mwaka 1995, katika tasnifu ya Alex de Voogt juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akiziingiza moja moja katika hatua ya kunamua. Zikiisha, huja mtaji. Kete moja yaweza kuzusha mzunguko mrefu, na fundi hana budi kuuona mwisho wake kabla hajagusa shimo. Mtafiti asiyejua nyumba, kichwa na kimbi ni nini hawezi kufuata hata maelezo ya fundi.

Tangu mwaka 2001 jarida la Game Studies limechapisha uchunguzi wa michezo ya kompyuta kwa mtazamo huohuo. Huko kuna hasara ya aina yake: mashine ikiacha kutengenezwa, mchezo wake waweza kupotea.

Bao lina hasara iliyo kinyume. Mashimo yaliyochongwa miambani yapo sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, na safu zake zahesabika. Kete zilikwenda upande gani, na nani alihesabiwa kuwa ameshinda, mwamba hausemi.