Ungependa kuwa ajenti wa ardhi na nyumba? Anza kwa njia halali

Kutoka Mtwapa hadi Malindi, ni vigumu kupita barabarani bila kuona kibao cha "Shamba linauzwa" au "Nyumba ya kupanga" kikiwa na nambari ya simu. Nyingi ya nambari hizo ni za vijana waliogundua kwamba kumuunganisha muuzaji na mnunuzi hakuhitaji duka wala mtaji mkubwa. Kazi hii ina riziki. Lakini ina sheria yake, na wengi wanaoifanya hawajui kwamba wanaweza kushtakiwa.

Makala haya yanaeleza jinsi mkaazi wa Kilifi anavyoweza kuingia katika kazi hii kwa njia halali, na mambo anayopaswa kuyajua kabla ya kumpeleka mteja wa kwanza shambani.

Sheria inasema nini

Kazi ya ajenti inasimamiwa na Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi, au mwenye nyumba na mpangaji, au anayejadiliana bei kwa niaba yao ili alipwe, anafanya kazi ya ajenti. Haijalishi kama anajiita dalali, broka au "mtu wa mashamba".

Anayefanya kazi hiyo kwa jina lake mwenyewe anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala, ijulikanayo kama EARB. Kufanya kazi bila usajili ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Leseni ya biashara inayotolewa na Serikali ya Kaunti si usajili wa ajenti. Leseni hiyo inakuruhusu kufungua afisi katika kaunti. Haikupi idhini ya kuuza au kupangisha mali ya watu. Ajenti anahitaji vyote viwili.

Njia ya kuingia

Njia ya kwanza ni masomo. Shahada ya masuala ya ardhi na majengo hufunzwa katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT. Anayehitimu huendelea na safari ya kuwa mwanachama wa Taasisi ya Wapima wa Kenya, ISK, kisha huomba kusajiliwa na Bodi. Kabla ya kulipa karo katika chuo chochote, uliza Bodi kama cheti cha chuo hicho kinatambuliwa.

Njia ya pili inamfaa kijana ambaye bado hana karo. Tafuta ajira katika kampuni ya ajenti aliyesajiliwa. Huko utawapeleka wateja kuona nyumba, utafuatilia kodi za wapangaji na kutunza rekodi, ukiwa chini ya usimamizi wa mtu mwenye cheti. Malipo ya mteja huingia katika akaunti ya kampuni, nawe unalipwa na kampuni. Utapata kipato kidogo kuliko kamisheni nzima, lakini utajifunza kazi ukiwa upande salama wa sheria. Siku ya kwanza, omba kuona cheti cha mwajiri wako. Asiye na cheti hawezi kukukinga.

Mambo ambayo ajenti lazima ayajue

Mteja anaweza kuweka akiba ya miaka 10 katika ploti moja. Ajenti anayejua bei pekee anaweza kumpotezea akiba hiyo kwa siku moja.

Jambo la kwanza ni kuhakiki hatimiliki, kazi ambayo wengi huiita sachi. Taarifa rasmi kutoka kwa msajili wa ardhi huonyesha jina la mwenye ardhi, na kama kuna deni la benki au zuio. Nakala ya hatimiliki iliyotumwa kwa simu haitoshi.

La pili ni kujua nani ana haki ya kuuza. Mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke. Ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi wa mirathi, hata kama ndugu wote wamekubaliana barazani. Shamba la kilimo huhitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 baada ya mkataba. Bila kibali, mauzo ni batili.

La tatu linatuhusu sana sisi wa Pwani, nalo ni nyumba bila ardhi. Katika miji yetu kuna nyumba nyingi ambazo mwenye jengo si mwenye ardhi, na humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba kama hiyo inaweza kuuzwa, lakini mnunuzi lazima aambiwe waziwazi kwamba ananunua jengo tu. Ajenti anayenyamazia jambo hili ili kamisheni isimponyoke anapanda kesi.

La nne ni gharama. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi iliyo ndani ya manispaa, na asilimia 2 kwingineko. Kwa ploti yenye thamani ya shilingi 800,000, hiyo ni shilingi 32,000 au 16,000. Muuzaji naye anaweza kudaiwa kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Pia kodi ya ardhi ya kaunti iwe imelipwa, ili cheti cha kutodaiwa kitolewe. Kwa nyumba za kupangisha, wenye nyumba wanaopata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi wanayokusanya. Wateja watakuuliza maswali haya, kwa hivyo uwe na majibu.

Pesa ya mteja si yako

Kesi nyingi za kazi hii huanzia kwenye pesa. Ajenti hutakiwa kuweka pesa za wateja katika akaunti tofauti na yake. Usipokee amana kwa nambari yako ya simu, hata mteja akikubembeleza. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uandikwe, utiwe saini na uwe na mashahidi. Hati za kuhamisha umiliki ni kazi ya wakili. Ajenti akiziandaa kwa malipo anavunja sheria nyingine.

Ajenti pia ana wajibu chini ya sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Anapaswa kumtambua mteja wake kwa kitambulisho, kutunza rekodi kwa angalau miaka 7, na kuripoti malipo yanayotiliwa shaka kwa Kituo cha Kuripoti Masuala ya Fedha.

Kwa wakaazi wanaonunua au kupanga

Kabla ya kulipa chochote, muulize ajenti maswali matatu. Umesajiliwa na Bodi? Cheti chako cha mwaka huu kiko wapi? Pesa zinaingia akaunti ya nani? Ajenti halali hatakasirika. Anayekuharakisha kwa maneno kwamba "kuna mtu mwingine analipa leo" anakupa sababu ya kusubiri.

Kwa vijana wanaotaka kazi hii, hatua ya wiki hii ni moja. Tafuta ajenti aliyesajiliwa katika mji ulio karibu nawe, mpelekee barua ya kuomba kazi na uwe tayari kuanzia chini. Katika biashara hii mteja huletwa na mteja mwenzake, na aliyepata hatimiliki yake bila kesi ndiye atakayekuletea wengine.